Mzunguko Ambao Baba Yako Hakuuzunguka

Barabara ya Bethel,
Carrow Gap, North Carolina.
Jumapili, 21 Aprili 2024.

Mpendwa mwanangu Rhonda,

Hujambo huko Alaska? Mumeo Wes hajambo, na Kayla je? Natumaini theluji imeanza kuwahurumia, na mguu wa Wes umepona tangu alipoteleza ule mwezi wa pili. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Magoti yananisumbua nikipanda ngazi, na daktari kanikataza chumvi, kwa hiyo nakula maharage yasiyo na ladha na mkate wa mahindi usio na furaha. Lakini bibi wa miaka themanini na moja akiwa na la chumvi tu la kulalamikia, huyo ni mzima.

Shangazi yako mdogo Nadine bado ninaishi naye. Bado anaimba kanisani kwa sauti kubwa kuishinda kwaya nzima, na bado hajui maneno ya wimbo hata mmoja. Anakusalimu sana. Miti imechanua mlimani kote na asubuhi kuna ukungu mpaka saa tatu.

Barua yako ya Pasaka niliipata. Ile picha ya Kayla amesimama kando ya kombe la babu yake niliibandika kwenye friji, kisha nikaitoa, nikairudisha, nikaitoa tena. Nadine akaniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nitakuambia kwa nini, lakini hii si barua ya kusoma huku unakaanga mayai. Kaa chini, mwanangu. Kuna jambo la marehemu baba yako, kaka yangu, na lile kombe. Nimelificha miaka hamsini na miwili, na tarehe 11 mwezi ujao nitalisema mbele ya watu wote wa Carrow Gap. Nataka ulisikie kwangu kwanza.

Uwanja wetu wa mbio za magari unafunguliwa tena. Ndiyo, uleule ulioachwa magugu yaote tangu mwaka tisini na sita, wenye mti uliochomoza katikati ya kona ya tatu. Wameung'oa huo mti, wamemwaga lami mpya, wameweka taa na vyoo vya maana. Na kwenye ukuta wa lango wanaandika kwa rangi majina ya wote waliowahi kushinda ile mbio kubwa ya mwezi wa tisa, mwaka kwa mwaka. Mwaka 1971 ni Coy Absher, gari namba 61. Baba yako.

Kamati imeniomba mimi nivute kitambaa kufunua ukuta, kwa sababu mimi ndiye karani wa mbio wa mwisho aliye hai. Wakaniomba pia niseme dakika tano juu ya zamani zile nzuri. Kijana wa kamati alitamka hivyo kabisa, "zamani zile nzuri," na tabasamu juu. Nilimwitikia. Kisha nikakaa jikoni mpaka kahawa ikapoa.

Unajua ninavyopenda mbio hizi. Nimezipenda kabla sijampenda mwanamume yeyote, na nimekaa nazo muda mrefu kuliko wote. Kila Jumapili nikitoka kanisani nawasha televisheni na kiatu bado kiko mguuni. Ila ninachokiona siku hizi mara nyingine nashindwa kukitambua. Gari linaletwa ndani ya lori lenye kiyoyozi, limefunikwa, halijaguswa na mvua tangu lizaliwe. Yote yanafanana, bila jina la sabuni au la bia ubavuni huwezi kujua lipi ni lipi. Dereva ni mtoto wa miaka ishirini, akishinda anataja kampuni kumi na moja kabla hajamtaja mama yake. Watazamaji wenyewe wamevaa vifaa masikioni, hakuna anayezungumza na jirani.

Baba yako gari lake la kwanza alilinunua kwa mchungaji wa Kimethodisti. Akang'oa viti, akavunja taa, akafunga milango kwa mikanda ya suruali ya baba yetu. Aliliendesha mwenyewe mpaka uwanjani, akashindana, akarudi nalo nyumbani likiwa na mlango mmoja. Baba akatafuta mkanda wa kuendea kanisani, hakuuona. Ilibidi ahudhurie ibada ameshika suruali kwa mkono, na sala zake za siku hiyo sidhani kama zilipaa.

Kwa hiyo wazee wenzangu, wakikutana asubuhi pale dukani kwa Lowell, wanasema zamani kulikuwa na uaminifu na sasa umebaki ujanja. Mimi nakoroga kahawa. Nilikuwa pale zamani hiyo. Nilikuwa nimeshika penseli.

Wewe ulizaliwa baadaye, kwa hiyo nikueleze. Siku hizi kuna kidude kidogo chini ya kila gari, likivuka mstari mtambo unajua, namba inatokea kwenye kioo, basi. Enzi zetu walikuwa ni wanawake. Hatukuruhusiwa kukanyaga eneo la mafundi, walisema tunaleta nuksi. Lakini hesabu ya mbio nzima ilikuwa mikononi mwetu. Kila gari lilikuja na karani wake: mke, au dada, au mchumba. Tulikaa kwenye jukwaa la mbao juu ya mstari, kila mmoja na kadi yake yenye vyumba mia tatu, na mbele yetu saa kubwa. Gari lako likivuka mstari unaandika saa, dakika na sekunde. Likivuka tena unaandika tena. Mara mia tatu, vumbi machoni, na huthubutu kwenda chooni.

Mimi nilimwandikia Coy. Pembeni yangu, miaka sita mfululizo, alikaa Opal Shumate, akimwandikia mumewe Garland, gari namba 90. Opal alikuwa na ulimi. Aliniambia, "Verlene, kaka yako anaendesha kama amepakia mayai ya bibi yake." Nami namjibu, "Wa kwako anaendesha kama amekumbuka kaacha bomba wazi nyumbani." Tulichongeana penseli, tukagawana mikate yenye jibini. Sikuwahi kuwa na rafiki mwingine kama yule.

Ilikuwa Jumapili mchana, tarehe 12 mwezi wa tisa. Ulipofika mzunguko wa mia moja na themanini na kitu, Coy aliingia kwa mafundi kubadili matairi na kutia mafuta. Sehemu yake ya kusimama ilikuwa nyuma kidogo tu ya mstari, maana ule mstari ulichorwa mpaka kwenye njia ya mafundi. Breki zilikuwa zimepata moto. Akapitiliza, pua ya gari ikavuka mstari. Nikaandika. Mafundi wakalisukuma nyuma, wakafanya kazi yao, likaondoka, likavuka mstari. Nikaandika tena.

Unaona hapo? Gari limefika mara moja, mimi nimeandika mara mbili. Mkono ulishazoea, gari likigusa mstari penseli inakwenda yenyewe, huku macho yangu yako kwa yule fundi wa jeki aliyekuwa karibu kukanyagwa. Na kati ya alama mbili zile zilipita sekunde ishirini na tano. Mzunguko wa uwanja wetu ulikuwa sekunde ishirini na tano. Mtu yeyote akiitazama kadi yangu aliona mzunguko wa kawaida kama mingine.

Garland alimaliza wa kwanza, nusu uwanja mbele ya Coy. Kila mtu alimwona. Wakampungia bendera ya mirabaraba, wakampa kombe, akapigwa picha, Opal akashuka ngazi za jukwaa anakimbia, anacheka. Baadaye wakubwa wakakaa na kadi kama desturi. Kwa kadi yangu, Coy alitimiza mia tatu sekunde kumi na mbili kabla ya Garland. Garland akapiga kelele kwamba alikuwa mbele, hata kipofu angeona. Mkuu wa makarani akamjibu mbele ya umati: "Kadi ya Absher haina dosari. Kama ulikuwa mbele, basi mkeo ameruka mzunguko. Na mzunguko usioandikwa haupo."

Wakamnyang'anya kombe mkononi, wakampa baba yako. Kuna mtu alicheka. Kisha wengi wakacheka.

Naapa, siku ile sikujua. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilikuja kujua Jumanne, niko kiwandani nageuza soksi, mashine zinanguruma, na ghafla nikaiona mikono ya wale mafundi juu ya boneti inasukuma gari nyuma. Niliziacha soksi zikaanguka chini. Msimamizi akaniuliza kama ninaumwa, nikasema ndiyo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba yako. Alikuwa chini ya gari. Nikamwambia, "Coy, pale ulipopitiliza kwa mafundi nimekuandika mara mbili."

Akatoka, akakaa kwenye tairi. "Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Alifuta mikono na kitambaa muda mrefu, hata palipokuwa pamekwisha takata. Akasema, "Alhamisi wanakuja watu wa timu ya mbio kutoka mjini Charlotte. Wanataka kunipa gari, Verlene, gari la kweli, na mshahara wa kila mwezi. Na Brenda ana mimba. Nipe wiki mbili. Nikishatia saini nitakwenda kwa Garland mwenyewe, kwa miguu yangu."

Mimba ile ilikuwa wewe, Rhonda. Sikuambii ili ujione una kosa. Mtoto wa tumboni hana alichofanya. Nakuambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu baba yako hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mwenye hofu aliyeomba wiki mbili, na mimi nikampa. Wiki mbili zikawa mwezi. Mwezi ukawa wewe umezaliwa. Akaendesha miaka kumi na miwili kwa watu wa Charlotte, akajenga ile nyumba uliyokulia, na kila nilipomtazama mezani alitazama sahani. Mwaka 2009, siku tatu kabla hajafa, aliniambia, "Wiki zile mbili, Verlene." Hakumaliza. Nilimshika mkono, nikamwambia alale.

Hilo ni la kaka yangu, na naye ameshalipeleka kwa Mungu. La kwangu ni baya zaidi.

Opal hakurudi tena jukwaani. Mji mzima ulisema mke wa Shumate alisinzia. Wavulana wa duka la nyama walimwimbia kwa kejeli akipita. Garland aliendesha msimu mmoja zaidi, akauza gari, akaenda kufanya kazi ya kukata mbao. Na mimi nilikaa na Opal benchi moja pale kanisani Bethel, Jumapili kwa Jumapili, miaka arobaini na mitano. Tuliazimana vyungu. Nilimshonea binti yake nguo ya harusi.

Alipougua, mwaka 2016, nilimpelekea pai ya matufaha. Alikuwa amekonda, ulimi wake tu ndio haukukonda, alisema pai yangu ingefaa kuziba pancha. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza, "Verlene, wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu. Uliniona nikikosa?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza. Na nilikuwa peke yangu naye, mlango umefungwa. Nikamjibu, "Sikuwa naangalia kadi yako, Opal." Akaitikia kwa kichwa, akasema basi, huenda kweli alikosa. Tulimzika baada ya siku tisa. Mwanangu, ningeambiwa nirudishiwe dakika moja tu ya maisha yangu yote, ningechagua ile.

Basi kamati iliponiomba dakika tano za zamani nzuri, niliona siwezi kusimama mbele ya ule ukuta. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Nadine alinipeleka kwenye nyumba ya wazee anakokaa Garland. Ana miaka themanini na sita. Nilimkuta anatazama mbio kwenye televisheni, sauti ameizima kabisa, anasema watangazaji wanaongea kama wanauza magodoro.

Akageuka. "Verlene Absher. Nilidhani umekufa."

"Bado. Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani? Ya kuzeeka?"

Nikacheka, halafu nikashindwa kuendelea kucheka. Nilimwambia yote, nimesimama, mkoba mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nilimwambia ya breki, ya mafundi kusukuma, ya sekunde ishirini na tano, ya wiki mbili. Magari yalizunguka na kuzunguka kwenye kioo bila sauti.

Nilitegemea aniulize habari ya kombe. Aliniuliza, "Kwa hiyo Opal hakukosa?"

"Hakukosa hata mmoja."

Akavua kofia, akaiweka gotini. Akasema, "Mimi nilijua nilishinda. Nilikuwa ndani ya gari. Kwa hiyo nikajua ni yeye. Nilimwambia tukiwa njiani kurudi nyumbani. Nilimwambia, mwanamke gani anashindwa kumhesabu mumewe? Akasema, Garland, niliandika kila mmoja. Nikamwambia asinidanganye. Hatukulizungumza tena mpaka anakufa."

Alilia, Rhonda. Mwanamume yule niliyemwona akitoka kwenye gari linalowaka moto huku anatafuta sigara yake, alilia mpaka muuguzi akaja. Nami nililia. Alipotulia aliniangalia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona machoni mwake, akasema, "Benchi moja, Verlene. Benchi moja kanisani."

Nikamwambia nitakwenda kwa kamati wafute jina la Coy waandike lake. Akasema jina lake waliweke au wasiliweke, ni juu yao. Anachotaka ni la Opal.

Jumatano nilikwenda kwa kamati. Yule kijana wa tabasamu alisawijika. Akaniambia kwa upole kwamba ukuta ni wa madereva, makarani hawamo, na kwamba mambo ya zamani hivi yakifukuliwa watu watahuzunika. Nikamwambia wapo watu walioanza kuhuzunika kabla yeye hajazaliwa. Nikamwambia pia kwamba wakikataa, kitambaa watakivuta wenyewe. Wakanipigia Ijumaa. Wamekubali. Mwaka 1971 utasomeka hivi: Garland Shumate, gari namba 90. Na chini yake: Karani, Opal Shumate. Mizunguko mia tatu, yote imeandikwa.

Sasa nije kwako. Sikuombi ruhusa, maana nimeshaamua, na nikikuomba ruhusa nitakuwa nimekutwika wewe mzigo wangu. Najua unavyompenda baba yako. Mimi pia nampenda, nampenda hivi hivi nikijua. Alishinda mbio nyingine kumi na nne ambazo sikumwandikia mimi, na hizo ni zake, hakuna wa kuzigusa. Kuhusu kombe, sikuambii ulirudishe na sikuambii ukae nalo. Mweleze Kayla ukweli wote, halafu mfanye mtakavyoona. Ukinikasirikia, nikasirikie. Ila unijibu, hata kama ni matusi. Nimechoka na kukaa kimya.

Nimekumbuka jambo wakati naandika. Watu husema ule mtambo wa siku hizi umeua roho ya mchezo, nami nimesema hivyo mara nyingi nikiwa na kikombe mkononi. Tarehe 11 nitasema vingine. Nitasema kile kidude hakina kaka, hakina wifi mwenye mimba, hakipewi wiki mbili. Naikumbuka penseli yangu na jua la jukwaani na kicheko cha Opal, na nitavikumbuka mpaka nife. Lakini ningekuwa na kidude kile mwaka 1971, Opal angezeeka na heshima yake.

Nilipoagana na Garland nilimwomba anisamehe. Alivaa kofia yake taratibu, akairekebisha, akasema nisimwombe yeye. Msamaha ule haukuwa wake kuutoa, na mwenye nao tulimzika nyuma ya kanisa, mimi na yeye tukiwepo. Jana nilikwenda kule peke yangu na maua. Nilikaa karibu saa nzima. Kila neno nililolifikiria lilikuwa ni jibu la swali aliloniuliza akiwa hai.

Nisalimie Wes, umwambie ashike ukuta akitembea. Mbusu Kayla. Mjomba wako Harlis anakusalimu, na jirani Vonda pia, na Nadine kwa mara ya pili maana amesimama mgongoni kwangu anasoma. Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, mwanangu, na akujalie kulisema lako wakati mwenye kulisikia bado ana masikio.

Nami ni shangazi yako anayekupenda, leo na siku utakayoimaliza barua hii,

Verlene